Likizo, Ruhusa au Kazi? Habari za Mwalimu wa Michezo Tangu Enzi ya Askari wa Kibera



Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za wagonjwa na wafiwa, kutoa kurasa chache kwa mambo ya kale. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuandike juu ya jambo lililoukawiza mkutano wetu mkuu hata jua likachwa. Nalo ni hili: mwalimu akiliacha darasa lake siku ya kazi ili awapeleke watoto wetu mashindanoni, je, amekwenda likizo, amekwenda kwa ruhusa, au yuko kazini?

Waliokuwapo watakumbuka chanzo cha ubishi. Kijana mmoja wa upande wa Kongo, Kawangware, afundishaye katika shule ya binafsi ambayo hatuitaji, aliwapeleka wasichana wa shule hiyo hiyo kwenye mechi za mpira kwa siku nne. Alikwenda kwa ruhusa ya mdomo. Mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa siku nne, na katika daftari la mahudhurio akaandikwa kuwa hakufika kazini. Chama kilimwongezea fedha za kodi ya nyumba, na ndiyo sababu habari zake zilifika mbele ya mkutano. Wazee wengine walisema kuwa Jumanne ni siku ya kalamu, na mpira una Jumamosi yake. Wengine waliuliza kama wasichana wale aliwaokota njiani, au aliwachukua katika shule ile ile iliyomkata mshahara. Mkutano ulifungwa bila uamuzi. Twaona kuwa uamuzi utakuwa mwepesi zaidi tukijua jambo hili limetoka wapi.

Yafaa kwanza tuyapime maneno. Likizo ni haki ya mtu kupumzika. Wazee wetu walioajiriwa wakati wa Mwingereza waliiita livu, nao walijua kuwa mtu aliye livu hana mkubwa wake mpaka siku ya kurudi. Ruhusa ni kitu kingine: ni hisani ya mkubwa, ambayo aweza kuitoa asubuhi na kuisahau jioni. Kazi ni kitu cha tatu. Mtu anapotumwa na mwajiri wake, hata akiwa mbali na mahali pake pa kila siku, mshahara wamfuata huko huko, na akivunjika mguu njiani mguu ule ni deni la aliyemtuma. Mwalimu wa michezo, kwa muda wote tulioweza kuufuatilia, amesafiri kwa neno lile la katikati.

Hapa Kibera tuna mfano wa neno la tatu, nao ni wa zamani kuliko shule zetu. Mwaka 1904 ardhi hii ilianza kutumiwa na jeshi la King's African Rifles, na askari Wanubi, ambao asili yao ni Sudan, wakakaa humu na jamaa zao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza kuwa eneo la jeshi, eka 4,197. Jina lenyewe latoka katika Kinubi, kibra, yaani msitu. Jeshi lilithamini michezo, kwa sababu liliamini kuwa mtu akimbiaye vizuri hutembea vizuri na kutii vizuri. Basi askari aliyechaguliwa kukimbia au kuvuta kamba hakuomba livu. Aliamriwa. Siku zake za mazoezi zilikuwa siku za kazi, na chakula chake kilikuwa kile kile cha kambi.

Desturi hiyo ilizaa matunda ambayo nchi nzima iliyaona. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Derek Erskine, na Archie Evans, afisa wa michezo wa koloni, akazunguka wilayani akipanga mashindano ya tarafa, ya wilaya na ya jimbo. Mwaka 1954 Kenya ilipeleka wakimbiaji Vancouver, katika michezo ya nchi za Dola ya Uingereza, na Nyandika Maiyoro wa Kisii akawa wa 4 katika mbio za maili tatu. Mwaka 1956 nchi ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne. Lakini tazameni medali zilipoanza kuja. Wilson Kiprugut, aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, alikuwa mwanajeshi. Naftali Temu, aliyeleta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968, alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 katika michezo hiyo hiyo, alikuwa polisi.

Hatusemi kwamba waalimu na makarani wa wakati ule walikuwa wazito wa miguu. Twasema kuwa mwanajeshi na polisi walikuwa na mwajiri ambaye kwake safari ya michezo ilihesabiwa kuwa utumishi. Mwalimu hakuwa na mwajiri wa namna hiyo, wala kijana wa shuleni hakuwa na mwalimu mwenye uhuru wa kumfuata mpaka ngazi ya juu.

Tuvuke sasa Barabara ya Ngong, twende upande wa Kawangware. Wakati wa ukoloni Kawangware haikuwa mji. Ilikuwa katika Dagoretti, ndani ya eneo la Wakikuyu la wilaya ya Kiambu, na iliingizwa katika Nairobi mipaka ya mji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Shule za huko zilikuwa za namna mbili. Zilikuwapo za misheni, ambazo mwalimu wake alikuwa mtumishi wa misheni kwanza na mwalimu baadaye: huyo huyo alipiga kengele, aliongoza kwaya, alisimamia shamba la shule, na jioni aliwakimbiza watoto uwanjani. Hakuna aliyemwuliza kazi yake yaishia wapi, kwa kuwa haikuishia po pote. Na zilikuwapo shule huru, za Karing'a hasa katika sehemu hizi za Kiambu, zilizojengwa na wazazi wenyewe baada ya ugomvi wao na misheni. Mwalimu wa Karing'a alilipwa na wazazi, kwa kadiri walivyoweza kuchanga. Kwa hiyo alikuwa na waajiri wengi na mkataba mdogo. Twaomba msomaji ayaweke maneno haya akilini, maana tutakutana na mwalimu huyu tena, akiwa amevaa nguo nyingine.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na shule huru zikafungwa. Operesheni Anvil ilianza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, na tangu hapo Mkikuyu, Membu au Mmeru hakuweza kutembea kutoka mahali hata mahali bila karatasi. Neno ruhusa likawa na uzito ambao vijana wetu hawaujui. Leo mwalimu aomba ruhusa ya mkuu wa shule. Siku zile mtu aliyetaka kuvuka mpaka wa eneo, hata kwa jambo jema, aliulizwa karatasi na askari mwenye bunduki. Wazee waliokuwapo hawahitaji kuambiwa, lakini vijana wataelewa kwa nini baadhi ya wazee wetu hushtuka wakisikia kuwa mtu amesafiri na watoto wa watu bila kipande cha maandishi mfukoni. Si ukali wa bure.

Wakati huo huo palikuwa na shule ambazo michezo ilikuwa sehemu ya malezi, na mkuu mwenyewe ndiye aliyeshika filimbi. Carey Francis, aliyeongoza Maseno tangu 1928 na Alliance tangu 1940 hata 1962, alikuwa mtu wa hesabu na mtu wa mpira, naye hakuona kuwa kimoja chamwibia mwenzake. Alipostaafu hakurudi kwao, bali alikwenda kufundisha Pumwani, hapa hapa Nairobi, hata alipofariki mwaka 1966. Tunamheshimu. Hata hivyo historia yataka tuseme kwamba mkuu wa shule apendaye mpira haombi ruhusa kwa mtu. Desturi iliyoachwa na watu kama yeye ilikuwa nzuri pale mkuu alipokuwa mpenzi wa michezo; alipokuja mkuu mwingine asiyependa, mwalimu wa michezo hakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Waalimu wenyewe waliona kuwa mapenzi ya wakubwa si mkataba. Tarehe 4 Desemba 1957 waliunda chama chao cha taifa, KNUT. Shida yao kubwa ilikuwa hii: waajiri walikuwa wengi, misheni hii na halmashauri ile, na kila mmoja na masharti yake ya mshahara na likizo. Dai lao la mwajiri mmoja lilikubaliwa mwaka 1967, ilipoundwa Tume ya Kuwaajiri Waalimu, ambayo wote tunaiita TSC. Na mwaka mmoja kabla yake, tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulipitisha Mapendekezo juu ya Hadhi ya Waalimu, kazi ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Humo mlisemwa mambo mawili yatuhusuyo: kwamba kazi za nje ya darasa zisiwe mzigo wa kupita kiasi kwa mwalimu wala zisimzuie kufanya kazi yake kuu, na kwamba mwalimu aliyepewa wajibu maalumu juu ya kufundisha apunguziwe vipindi kwa kadiri ya wajibu huo. Siku hiyo ya tarehe 5 Oktoba ndiyo inayosherehekewa sasa kuwa Siku ya Waalimu Duniani. Twasikia hotuba nyingi siku hiyo; habari ya kupunguziwa vipindi hatuisikii sana.

Wazee wataturudi hapa na kusema kuwa vyama vya ustawi kama chetu vilikuwa na timu kubwa kubwa, na hakuna mshahara wa mtu uliokatwa. Ni kweli vilikuwa nazo. Luo Union ilikuwa na timu yake, Abaluhya waliunganisha zao mwaka 1964, na Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuungana kwa Luo Union na Luo Stars. Mwaka 1980 serikali ilipoagiza majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya wakawa AFC Leopards. Lakini mpira wa vyama ulikuwa wa watu wazima, nao ulichezwa zaidi mwisho wa juma, mtu akiwa ametoka kazini. Mashindano ya shule hayakungoja Jumamosi. Timu ya shule ikianza kushinda hucheza siku tatu au nne mfululizo, katikati ya juma, na mara nyingi mbali na nyumbani.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Huko Uingereza, tarehe 29 Agosti 1895, vilabu vya raga vya kaskazini vilikutana katika mji wa Huddersfield na kujitenga na chama kikuu. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda, ambao kila siku waliyokwenda kucheza ilikuwa siku bila ujira, na vilabu vilitaka kuwafidia ujira ule. Mabwana wa kusini, wenye mali zao, walikataa wakisema mchezo ni heshima, si malipo. Mwaka 1928 vyama vya mpira vya Uingereza vilijitoa FIFA kwa ugomvi wa namna hiyo hiyo. Twaona hapa kuwa mtu mwenye mali huona siku nne kuwa kitu kidogo. Na twaona pia kuwa neno heshima lilitumika kumnyima maskini ujira wake. Mwalimu wetu wa Kongo naye aliambiwa kuwa kazi ya timu ni ya kujitolea.

Sasa tuje katika sheria za siku hizi, maana hapo ndipo penye uzito.

Mwalimu wa TSC huchukua likizo yake ya mwaka shule zikifungwa, yaani Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Siku za muhula si zake. Kanuni za Utumishi wa Waalimu za mwaka 2015 zasema kuwa asiyefika kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa amekimbia kazi, na aweza kuadhibiwa hata kufutwa. Ipo likizo maalumu kwa mtumishi wa umma aliyechaguliwa kuiwakilisha nchi katika michezo, na ni jambo jema. Lakini mwalimu wa Kibera awapelekaye wasichana wa kidato cha pili kwenye mechi za zoni haiwakilishi nchi. Awakilisha shule yake. Kwa hiyo safari yake yategemea kalamu ya mkuu wa shule.

Kisha mwaka 2016 ukaja upimaji wa kazi wa TPAD, ambao waalimu wetu hulalamika juu yake kila wakutanapo. Upimaji ule, kama ulivyoanza, ulikuwa na mambo saba ya kumpimia mwalimu. Moja lilikuwa matumizi ya wakati, ambalo huonekana katika daftari la vipindi: kipindi kilichokosekana huandikwa, na kilichofidiwa huandikwa pia. Jingine lilikuwa kukuza michezo na shughuli za nje ya darasa. Yaani karatasi ile ile iliyompa alama kwa kuipeleka timu uwanjani ilimwandikia deni kwa kuliacha darasa. Tena deni lilikua kwa kadiri ya ushindi. Timu ikishindwa katika zoni, mwalimu amerudi darasani baada ya siku mbili. Ikishinda, kuna kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha taifa, na mwisho mashindano ya shule za Afrika Mashariki, kama yale ya Arusha ya mwaka 2022 au ya Huye, Rwanda, ya mwaka 2023. Kocha mbovu hana deni. Kocha bora anadaiwa muhula mzima.

Wengine wametafuta njia ya kuyaondoa mazoezi katika muhula kabisa. Mfano ujulikanao ni wa Brother Colm O'Connell, Mwayalandi aliyefika St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kuwafunza wakimbiaji, David Rudisha akiwa mmojawao. Tangu mwaka 1989 aliwakusanya vijana kambini wakati wa likizo za shule, siyo siku za masomo. Ni njia ya hekima, na watoto wengi wa maskini wamefaidika nayo. Lakini Brother ni mtawa, hana mke wala kodi ya nyumba ya Kawangware. Mwalimu wa kawaida akifanya kambi mwezi wa Agosti ametumia likizo yake mwenyewe kwa kazi ya shule, wala hakuna atakayemrudishia siku zile mwezi wa Septemba.

Hayo ni ya waalimu wa TSC. Waliomo katika chama chetu si wengi. Waalimu wengi wa Kibera na Kawangware ni wa shule za binafsi na za jamii, zile zilizojengwa kwa mabati baina ya nyumba zetu kwa sababu shule za serikali hazikututosha. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwezi wa Januari 2003, shule ya Olympic hapa Kibera ilifurika watoto, na hata hivyo shule za mabati hazikufa. Mwalimu wa shule hizi ndiye yule wa Karing'a tuliyemwacha mwaka 1952. Hulipwa kwa karo ya wazazi, na mzazi akikosa kibarua, naye hukosa mshahara. TSC haimjui. Kinachomlinda ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo humpa kila mwajiriwa, baada ya miezi 12 ya kazi, likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Juu ya michezo sheria hiyo haina neno. Basi mwenye shule akitaka aweza kusema kuwa siku za mashindano zimo ndani ya siku 21. Na asiye na haya husema, kama alivyofanya yule wa kijana wetu, kuwa hazimo po pote.

Lakini katika mtaa huu huu tumeona pia jambo la kinyume. Kibera Girls Soccer Academy ilianza mwaka 2002 kama timu ya mpira ya wasichana, na mwaka 2006 ikawa shule ya sekondari, kwa sababu Abdul Kassim na wenzake waliona kuwa wasichana wakijua mpira bila kujua kusoma hawatafika mbali. Hapo timu ilitangulia na darasa likafuata, na hakuna aliyeweza kumwambia mwalimu kuwa mpira si kazi ya shule. Hatusemi kila shule ianze hivyo. Twasema kuwa umaskini peke yake si sababu ya kutoandika barua.

Na barua ndiyo shina la maneno yetu yote. Fikirini ajali. Watoto wetu huenda mashindanoni kwa matatu ya kukodi, katika barabara tunazozijua. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya mwaka 2007, humtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia katika kazi yake. Mwalimu akiumia akiwa na barua isemayo kuwa ametumwa na shule, ana mahali pa kusimama. Akiumia akiwa na ruhusa ya mdomo, mtoa ruhusa aweza kusema kuwa mtu yule alikuwa katika shughuli zake. Mshahara wa siku nne chama kiliweza kuuziba. Mguu uliokatwa hatuwezi kuuziba, wala watoto wa mwalimu aliyefariki hatuwezi kuwasomesha wote kwa mchango wa kila mwezi. Mweka hazina ametuomba tuliseme jambo hili waziwazi, nasi tumelisema.

Imetupasa pia kuwatendea haki wazee waliosema juu ya kalamu. Katika shule nyingi za mitaa yetu somo moja lina mwalimu mmoja. Akienda na timu siku nne, darasa la nane zamani, au kidato cha nne sasa, hukaa bila hesabu siku nne, na mtihani wa taifa haumwulizi mtoto kama timu ya shule ilifika fainali. Wasichana kumi na wanane wamesafiri; mia mbili wamebaki. Hao mia mbili ni wetu pia. Wale waliotaka mkutano uwalaani wenye shule walisahau jambo hili. Kwa maoni yetu shule inayo haki ya kumtaka mwalimu aonyeshe, kabla ya kuondoka, nani atashika vipindi vyake na lini atavilipa. Haina haki ya kumtuma na papo hapo kumwita mtoro.

Kwa hiyo Halmashauri italeta mbele ya mkutano mkuu ujao mambo haya yafuatayo. Mashindano ya kikombe cha chama chetu, ambayo hadi sasa yamekuwa yakianza siku ya Alhamisi, yatahamishiwa likizo ya Aprili, na waalimu watakaoleta timu watapewa posho ya siku kutoka mfuko wa michezo, kwa kuwa watakuwa wametoa likizo yao. Timu yo yote itakayoomba msaada wa nauli kwetu, kwa mashindano ya muhula, italeta kwanza barua ya mkuu wa shule. Barua itaje mashindano, mahali, siku ya kwenda na ya kurudi, majina ya watoto, gari litakalowachukua, na jina la mwalimu atakayeshika vipindi. Tena iwe na sentensi moja isemayo kuwa mwalimu huyu, kwa siku hizo, yuko kazini na mshahara wake hautapunguzwa. Shule isiyotaka kuiandika sentensi hiyo haitapewa nauli.

Mwanachama mmoja, karani mstaafu, ameandaa mfano wa barua hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nao umechapwa katika ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki ili ukatwe na kutumiwa. Nakala ya kwanza ni ya shule, ya pili ni ya mwalimu, naye aende nayo safarini. Ya tatu iletwe kwa katibu kabla ya siku ya safari, Jumatano au Jumamosi, saa kumi hata saa kumi na mbili jioni. Kijana wetu wa Kongo amekwisha kuchukua tatu kwa ajili ya muhula wa pili.